Koti Lisilo na Mwenyewe

Shuleni walimwita Mwalimu Koti, naye hakuchukia. Jua la utosi liwake, mvua inyeshe mpaka paa livuje, mwalimu mkuu yule hungemkuta bila koti. Wanafunzi walitaniana kwamba hata kulala analala nalo. Na lilimkaa, tuseme ukweli. Wazazi waliokuja wamevimba kugombana naye walijikuta wanapunguza sauti wakifika mlangoni, maana ni vigumu kumfokea mtu aliyevaa vizuri namna ile.

Makoti yote hayo yalishonwa na baba yake, fundi cherehani mwenye duka kwenye kona ya barabara kuu. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, mwalimu alikwenda kupimwa. Wateja wengine walipimwa palepale mbele, huku wapita njia wakisimama na kutoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Yeye baba yake alimwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango, akampima bega la kulia, kisha la kushoto, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kimya kimya, bila kuandika popote. Mwalimu aliamini ni heshima ya mtoto wa kwanza. Kwa ndani, upande wa moyo, mzee alimwekea kijifuko cha chaki chenye kipande cha ngozi, ili unga usichafue bitana. Alianza kukiweka kijana wake alipokuwa mwalimu mpya wa darasa la watoto, akaendelea kukiweka hata alipopanda cheo na kuacha kabisa kushika chaki. Siku moja mwalimu alitania kwamba atanunua koti dukani ampunguzie mzee kazi. Baba yake alikunja uso.

"Makoti ya dukani yameshonewa mtu ambaye hajazaliwa," alisema. "Simama vizuri."

Mzee alikuwa na jambo jingine aliloshika kama dini. Hakumsema mteja. Wambea walipita dukani kumchimba, fulani amenenepa kiasi gani, bibi harusi yule mbona gauni limepanuliwa tumboni, naye aliuma sindano midomoni na kuendelea kukanyaga cherehani. Mwili wa mtu, alisema, hautoki nje ya duka hili.

Sasa mzee amekufa, na watoto wake wamepelekana mahakamani.

Wosia wake ulikuwa mfupi. Duka na nyumba iliyo nyuma yake alimwachia binti yake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda, fundi kama yeye, aliyefanya kazi pembeni yake tangu amalize shule na aliyemlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani mpaka pumzi ya mwisho. Watoto wa kiume wawili aliwaachia shamba lililo nje ya mji, wagawane. Wa pili kati yao alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipoitwa kwa jina lake, nasi tumwite Dalali. Huyu alikuwa na mnunuzi wa ile kona hata kabla matanga hayajaanuliwa.

"Kaka, hivi wewe unaona sawa?" alimwambia mwalimu. "Mtoto wa kwanza mzima unapewa nyasi! Mwenzetu anapewa kona! Mzee hakuwa na akili zake, basi. Mtu mwenye akili zake hawezi kufanya hivi."

Mwalimu alisema waache, wasimchimbue marehemu. Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Moyoni aliiona nyumba yake ambayo haijaisha, na nondo zilizotoka juu ya kuta zikiota kutu. Lakini haikuwa nyumba peke yake. Kilichomuuma hasa ni kwamba baba yake hakumchagua yeye. Mwaka mmoja kabla ya msiba alikwenda kumshauri mzee auze kona, mzee akakataa, wakarushiana maneno, na mwalimu akaondoka akiapa hatakanyaga tena pale. Hakukanyaga. Hata shule zilipofunguliwa hakwenda kupimwa, akavaa la mwaka uliopita. Mzee alipougua alimtuma mkewe apeleke matunda na salamu, yeye ana kazi nyingi. Mtu akishajifanyia hayo, ni afadhali kwake aamini kwamba mzee alikuwa amechanganyikiwa kuliko aamini kwamba mzee alijua anachofanya.

Siku walipokwenda kuorodhesha mali, Dalali aliingia chumba cha ndani bila hodi. Pale kwenye kiwiliwili cha mbao kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka safi. Akaivuta.

Lilikuwa koti jeusi, halijaisha, nyuzi nyeupe za bandi, zile za kushikiza kwa muda, zimelizunguka kila upande, kola hakuna. Na lilikuwa pogo. Bega la kulia lilikuwa na pedi nyembamba, la kushoto limejazwa pedi juu ya pedi kama mto wa kitanda. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, si kwa kubahatisha macho, mfupi kabisa.

Dalali alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kaka, njoo uone! Fundi mzima! Kama huu si wazimu, basi sijui wazimu unauzwa wapi."

Kitinda alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni. "Lifunike hilo, kaka."

"La nani?"

"La mteja."

"Mteja gani? Mnyama gani wa kuvaa hiki?"

Kitinda alimtazama kaka yake mkubwa, kisha akainamisha uso na kujifuta mikono kwenye gauni. "Halijaisha," alisema. Mwalimu alisimama mlangoni. Alilitazama lile koti kwa mbali, kama mtu anavyotazama uchi wa mzazi, akageuka. Hakulishika. Dalali alilikunja akalitia kwenye mfuko wa plastiki, na kesho yake wakili wao alilipokea kwa meno nje. Mwalimu akala kiapo, kwa maandishi na kwa saini nzuri ya mwalimu mkuu, kwamba baba yake, fundi stadi maisha yake yote, mwishoni alikuwa amepotewa na akili kiasi cha kushindwa kushona koti.

Ilipofika jioni ya kuamkia siku ya ushahidi, alifungua kabati achague la kuvaa. Yalining'inia yote, la kahawia, la kijivu, la bluu iliyokolea, kila moja na kijifuko chake cha chaki. Mkono ukagoma. Aibu ilimpanda, aibu ya kwenda kumwita marehemu mwendawazimu huku umevaa mshono wake. Mtu mwingine angeiacha aibu hiyo ifanye kazi yake. Mwalimu alitoka kwenda kununua koti.

Kijana wa duka la nguo alimvalisha la kwanza. Kwenye kioo kirefu bega la kushoto lilianguka, na mkono wa kushoto ukameza kiganja mpaka kwenye vidole.

"Hili limekosewa," alisema mwalimu.

La pili likaanguka vilevile. La tatu vilevile.

"Hiki kiwanda chenu kizima hakijui kushona?"

Kijana alikohoa. "Mzee wangu, haya yametoka viwanda vitatu tofauti." Akatazama bega la mwalimu, akatazama chini. "Labda tukupunguzie upande huu kidogo..."

"Usinifundishe!" Mwalimu akalipia la tatu, la kijivu, akatoka akiwa amevimba.

Nyumbani mkewe alimwona nalo akaacha kukunja nguo. "Vaa lako la kahawia, baba watoto."

"Hili lina nini?"

"Halina kitu. Wewe vaa tu la kahawia."

"Nimeuliza, lina nini?"

Mkewe alilitupia jicho bega la kushoto. Siku ya harusi yao baba mkwe alimvuta pembeni na kumwomba jambo moja tu, kwamba akipiga pasi makoti ya mumewe asilinganishe mikono, na wala asiulize kwa nini. Miaka yote alitii. Kwa hiyo alirudi kwenye nguo zake na kusema kesho kutakuwa na joto.

Kulikuwa na joto kweli. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo, mabenchi yaliyojaa watu wenye kesi zao na wasio na kazi nyingine, na picha ya ukutani iliyopinda ambayo hakuna aliyejisumbua kuinyoosha. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Kitinda alikaa peke yake upande wa pili, hana wakili. Mke wa mwalimu alikaa benchi la nyuma. Dalali alikaa mbele, mguu juu ya mguu.

Mwalimu alipanda kizimbani, akaapa, akaulizwa, akajibu. Alijibu vizuri, kwa sauti ya gwaride la asubuhi. Kisha wakili akalitoa koti kwenye mfuko na kulining'iniza juu.

"Mheshimiwa, mahakama itazame kielelezo hiki. Bega la kushoto limepandishwa mpaka linakaribia sikio. Mkono wa kushoto umekatwa mfupi. Hata mwanafunzi wa ushonaji wa wiki ya kwanza hawezi kufanya hivi. Mimi nauliza tu, binadamu wa kuvaa koti hili anaishi wapi?"

Mabenchi yakacheka. Mwalimu akatabasamu kidogo, ndiyo, alitabasamu, akainua mkono wa kushoto ajifute jasho. Kilichofika usoni kwake hakikuwa kiganja. Kilikuwa kitambaa cha kijivu, kimefunika vidole vyote.

Akautazama ule mkono. Akatazama koti mikononi mwa wakili. Akautazama mkono tena.

Alikuwa mtoto mdogo alipoanguka kutoka kwenye meza ya kukatia vitambaa, meza ambayo alishakatazwa kuichezea. Mfupa wa bega la kushoto uliunga vibaya, na mkono ule ukakua mfupi kuliko mwenzake. Shuleni wenzake walimwita Mzani, kwa vile upande mmoja ulikuwa chini, na alirudi nyumbani akilia. Baba yake alimkalisha juu ya meza ileile. "Litanyooka ukikua," alimwambia, na wiki hiyohiyo akamshonea kikoti kidogo cha kuvalia shuleni. Haukupita muda, jina la Mzani likafa. Limenyooka, alijiambia yule mtoto. Akaendelea kujiambia hivyo mpaka akaota mvi. Bafuni kwake hakukuwa na kioo zaidi ya kile cha kunyolea ndevu, kinachoonyesha kidevu.

"Mdaiwa," hakimu alimwita Kitinda, "una swali kwa shahidi?"

Kitinda alisimama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kijivu ulioficha vidole vya kaka yake, yakakaa hapo kidogo.

"Sina, mheshimiwa."

"Kuhusu hili koti una maelezo?"

"Sina."

Hakimu akavua miwani. "Binti, nisikilize. Hili ndilo jambo kubwa katika kesi yao. Usipolieleza, mahakama inaweza kulichukulia kama wanavyosema wao. Unaweza kupoteza duka. Unaelewa?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Basi lilikuwa la nani?"

"La mteja," alisema Kitinda. "Baba hakuwasema wateja wake. Na mimi siwasemi."

Watu wakaguna. Dalali akamkonyeza kaka yake, kesi imekwisha. Wakili akaliweka koti mezani na kujifungia vifungo vyake kwa raha.

"Shahidi, unaweza kushuka," alisema hakimu.

Na hapa lazima lisemwe lilivyokuwa, japo halipendezi. Mwalimu alianza kushuka. Hakuna aliyejua ila dada yake, na dada yake amekataa kusema. Mkewe yuko nyuma, naye ni mtu wa kunyamaza. Ilitosha kwake kufunga mdomo, jambo rahisi kuliko yote aliyowahi kufanya, na kona ni yao, na nondo zile zitapata zege. Kichwani alikuwa ameshaanza kupiga plasta.

Lakini njia ya kurudi kwenye benchi ilipita kando ya ile meza. Koti lilikuwa limelala wazi, bitana juu, namna wakili alivyolitupa. Upande wa moyo kulikuwa na kijifuko kidogo chenye kipande cha ngozi.

Mwalimu akasimama. Hakuna mtu aliyewahi kuligeuza koti lile ndani nje, si Dalali, si wakili, wala yeye aliyeapa juu yake. Uso ulimshuka mbele ya watu wote wale, akahisi machozi yanakuja na hakuwa na kitambaa, maana cha kwake kilibaki kwenye koti la kahawia.

"Mheshimiwa," alisema, na hii haikuwa tena sauti ya gwaride, "naomba nilivae."

"Kaka!" Dalali aliinuka.

"Kaa chini," hakimu alimwambia Dalali. Wakili naye alikuwa ameanza kupinga, ila hakimu akamnyooshea mkono bila kumtazama. "Livae."

Alivua la kijivu. Akabaki na shati lililolowa jasho, na bega likaonekana lilivyo, limelala upande mmoja. Kutoka mabenchi ya nyuma mtu akasema "Kumbe!" na mwingine akacheka kwa pua. Hicho ndicho kicheko alichokimbia tangu utoto, na kilikuwa kilekile, hakikuzeeka hata kidogo. Karani akamsaidia kuingiza mikono. Mwalimu akavuta kifua cha koti pamoja.

Kicheko kikakatika. Bila kola, bila vifungo, na nyuzi za bandi zimening'inia, lile koti lilimkaa kama maji kwenye glasi. Mabega yalikuwa sawa. Mikono yote miwili iliishia kwenye kifundo, pale pale inapotakiwa kuishia. Aliyesimama mbele ya hakimu alikuwa Mwalimu Koti, yule wanayemjua mji mzima.

Hakimu alivaa miwani yake tena. "Sema, shahidi."

"Mteja ni mimi," alisema. "Sikwenda kupimwa, mheshimiwa. Tuligombana, nikamsusa mwaka mzima, mpaka akafa. Alinishonea kwa kukumbuka. Nilichoapa hapa si kweli. Baba yangu alikuwa na akili zake zote. Mimi ndiye sijui zangu zilikuwa wapi."

Karani aliandika. Hakimu alisema maneno makali kuhusu kiapo, na mwalimu aliyapokea ameinamisha kichwa, kama wanafunzi wake wanavyoyapokea ya kwake. Kesi ikaahirishwa kwa uamuzi, ingawa hata mfagiaji wa korido aliujua uamuzi utakavyokuwa. Koti likavuliwa, kwa sababu kielelezo hakitoki mahakamani mpaka hukumu isomwe. Hivyo mwalimu akalazimika kuvaa tena lile la kijivu na kutoka nalo, bega chini, vidole ndani, katikati ya watu wakiwemo wazazi wa wanafunzi wake.

Uani Dalali alimpita bila kumtazama. "Umejivua nguo mwenyewe," alisema, akaenda zake na simu sikioni. Mkewe alibaki kwenye ngazi, akawaachia nafasi.

Kitinda alikuja. Mwalimu alitaka kuomba radhi, akakuta maneno yote aliyoyazoea ni ya kuwaombesha radhi watu wengine.

"Ulijua," alisema tu.

"Mimi ndiye nilikuwa namshikia taa akishona. Macho yalikuwa yamepungua."

"Mdogo wangu, ungepoteza duka."

"Ningepoteza." Alifungua mkoba akatoa pini, akamshika mkono wa kushoto na kuanza kukunja ule mkono wa koti kwa ndani, haraka haraka, kama kazi nyingine yoyote. "Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu. Usiinue mkono sana, itakuchoma."

Mwalimu aliuacha mkono wake mikononi mwake. "Kwa nini hakulimaliza? Kola ndiyo kitu kidogo."

Kitinda aliendelea na pini.

"Alisema mengine anayakumbuka, ila shingo imezeeka, haiwezi kushonwa kwa kukumbuka. Lazima uje. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama umepita." Akachomeka pini ya mwisho. "Nilikuwa namwambia una mitihani."

Kitinda alirudi hatua moja nyuma, akamwangalia mabega kwa jicho la kazi, lilelile la baba yao.

"Simama vizuri," alisema.

Alijaribu. Alipandisha bega moja, akashusha jingine, akayabadilisha, na mbele ya dada yake, akilia, hakujua kusimama vizuri kunafanywaje.